Kununua Baiskeli ya Saiklokrosi kwa Bajeti Ndogo: Mwongozo kwa Anayetaka Kushindana

Kuanzia Septemba hadi Februari, kwenye bustani za miji na mashamba ya Ubelgiji, Uholanzi, Ufaransa, Uingereza na Marekani, watu wa kila rika hujipanga kushindana saiklokrosi. Kama unaishi huko na unapenda baiskeli, huenda umeshasimama pembeni ukiwatazama wanavyopita kwenye matope, wanavyoshuka na kubeba baiskeli begani, kisha wanavyorukia kitini na kuendelea, nawe ukatamani kuwa mmoja wao. Kilichokuzuia ni bei uliyoiona dukani.

Bei hiyo isikukatishe tamaa. Kwenye saiklokrosi mwendo ni mdogo kuliko barabarani na kona ni nyingi, kwa hiyo mwenye fremu ya maelfu hamwachi mbali mwenye fremu ya kawaida. Anayepoteza muda ni yule ambaye tairi zake zinateleza, breki zake hazishiki, au baiskeli yake haimtoshi. Kwa hiyo ufuate mpangilio huu tangu mwanzo hadi mwisho: fedha iende kwanza kwenye kipimo cha mwili wako, kisha kwenye breki na tairi. Kaboni na jina la kampuni vingoje.

## Mchezo wenyewe unadai nini

Ukiuelewa mchezo, hutauziwa usichokihitaji. Wafaransa walikuwa na ubingwa wao wa taifa tangu 1902, na mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, Jean Robic akashinda. Tangu wakati huo umbo la mbio halijabadilika sana: mzunguko mfupi wa kilomita 2.5 hadi 3.5, unaorudiwa mpaka muda uishe. Wanaoanza hukimbia dakika 30 hadi 45, na wanaume wa daraja la juu hukaribia saa nzima.

Ndani ya mzunguko huo kuna nyasi, matope, mchanga, miteremko mikali, na vizuizi vya mbao vyenye urefu usiozidi sentimita 40. Kila kimoja kinaiwekea baiskeli sharti lake:

- Matope yanataka nafasi kati ya tairi na fremu. Nafasi ikiwa ndogo, gurudumu linakwama.
- Kona za nyasi zilizolowa zinataka tairi yenye kashata nzuri na upepo mdogo.
- Miteremko inataka breki zinazoshika hata zikiwa na maji.
- Vizuizi na ngazi vinataka baiskeli inayobebeka begani bila kukuumiza.
- Kuoshwa kila wiki kunataka vipuri vya kawaida, vinavyopatikana upesi na kwa bei nafuu.

Urembo wa fremu haumo kwenye orodha hiyo. Gramu 500 zilizopungua humo zina faida ndogo sana kwa anayeanza, lakini hulipiwa bei kubwa.

## Kabla ya kununua: je, unahitaji kununua sasa?

Kama tayari una baiskeli ya milima au ya gravel, ingia nayo kwenye shindano lako la kwanza. Mashindano mengi ya ngazi ya chini huziruhusu zote mbili. Nchi nyingi pia hutoa leseni ya siku moja, hivyo huna haja ya kulipia mwaka mzima ili kujaribu.

Fanya hivi:

1. Soma kanuni za ligi ya eneo lako. Kanuni ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, inaweka upana wa tairi usiozidi milimita 33, lakini waandaaji wengi wa mashindano ya kawaida hawawabani wanaoanza kwa kipimo hicho.
2. Kama una baiskeli ya milima, ondoa pembe za nyongeza kwenye ncha za usukani. Kwa kawaida haziruhusiwi kwa sababu zinaweza kumjeruhi mwenzako.
3. Ondoa vishikio vya chupa, taa, kengele na matopegadi.
4. Shindana mara moja au mbili, kisha andika kilichokusumbua. Je, baiskeli ilikuwa nzito kubeba? Tairi ziliteleza? Gia zilikuwa ngumu? Majibu hayo ndiyo orodha yako ya manunuzi.

Baiskeli ya gravel inatofautiana kidogo tu na ya saiklokrosi. Krenki zake hukaa chini zaidi, umbali kati ya magurudumu ni mrefu zaidi, na usukani wake hugeuka kwa utulivu zaidi. Tofauti hizo utaziona kwenye kona za kubana na pedali zinapogonga ardhi, lakini hazikuzuii kushindana. Ukitaka baiskeli moja ya kushindania majira ya baridi na ya safari ndefu majira ya joto, gravel inaweza kukutosha kabisa.

## Gawa bajeti kabla ya kutazama matangazo

Wanunuzi wengi humaliza fedha zote kwenye baiskeli, kisha wanagundua kwamba tairi ni kipara, pedali hazipo na cheni imekwisha. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na msemo huo hutimia baiskeli ya bei ya chini inapomezwa na matengenezo. Tenga theluthi moja ya fedha zako kwa mambo mengine yasiyo baiskeli yenyewe.

> KISANDUKU: Mfano wa bajeti ya euro 900
>
> - Baiskeli iliyotumika: 560
> - Tairi mbili mpya: 90
> - Pedali za kubana kiatu pande zote mbili: 40
> - Viatu vilivyotumika vyenye soli ya meno: 60
> - Cheni, pedi za breki na waya mpya: 70
> - Kishikizo cha akiba cha kibadilisha gia: 20
> - Ada za mashindano ya mwanzo: 60
>
> Bei hutofautiana kwa nchi na msimu. Kilicho muhimu ni uwiano: usiruhusu baiskeli yenyewe ile bajeti yote.

## Mpya au ya mtumba?

Kwa bajeti ndogo, ya mtumba ndiyo chaguo la busara. Washindani wengi hubadilisha baiskeli kila baada ya misimu michache, na wengi wao huuza mara msimu unapoisha. Wakati mzuri wa kununua ni Februari na Machi. Agosti na Septemba kila mtu anatafuta, na bei zinapanda.

Mpya inafaa kama huna mtu wa kukusaidia kukagua, au kama saizi yako ni ndogo sana au kubwa sana kiasi kwamba haionekani sokoni. Ukienda dukani, tafuta fremu ya alumini yenye uma wa kaboni, breki za diski na gia za Shimano Tiagra au 105, au SRAM Apex au Rival. Mchanganyiko huo umeshatumika kwenye matope kwa miaka mingi, na vipuri vyake viko kila duka.

Kwa upande wa mitumba, majina ya kutafuta kwenye alumini ni kama Cannondale CAADX, Trek Crockett, Giant TCX na Kona Jake. Specialized CruX na Ridley, kampuni ya Kibelgiji, nazo hupatikana kwa wingi. Ubelgiji utaziona kwenye 2dehands, Uholanzi kwenye Marktplaats, Ufaransa kwenye Leboncoin, na Uingereza na Marekani kwenye eBay na Facebook Marketplace. Usisahau kuwauliza watu wa klabu yako kabla ya kuweka fedha kwa mgeni. Baiskeli inayouzwa ndani ya klabu huja na historia inayojulikana.

## Mambo matano ya kuamua

### 1. Kipimo

Hili ndilo la kwanza, na halirekebishiki. Breki unaweza kubadilisha, na tairi vilevile, ila fremu kubwa mno itabaki kubwa.

- Simama juu ya bomba la juu ukiwa na viatu. Lazima ubaki na nafasi ya wazi kati ya bomba na mwili wako, kwa sababu utashuka ghafla mara nyingi.
- Kaa, shika usukani juu ya breki. Viwiko viwe vimekunjika kidogo, mabega yamelegea.
- Ibebe. Ingiza bega ndani ya pembetatu ya fremu, tembea hatua 20. Kama mkono haupiti vizuri au bomba linakuchoma bega, utaijutia kila mzunguko.
- Ukiwa kati ya saizi mbili, chagua ndogo. Ni nyepesi kubeba na hugeuka upesi.

Kumbuka kwamba namba ya saizi haimaanishi kitu kimoja kwa kampuni zote. Linganisha vipimo vya fremu vilivyochapishwa na mtengenezaji, hasa urefu wa mbele na kimo.

### 2. Breki

Hapa ndipo bei ya mtumba inapogawanyika. Mwaka 2010 UCI iliruhusu breki za diski kwenye saiklokrosi, na miaka michache baadaye watengenezaji wengi wakahamia huko. Baiskeli za kabla ya hapo nyingi zina breki za kantileva, zinazobana ringi.

Breki za kantileva hupitisha matope vizuri na baiskeli zake sasa ni za bei ya chini kabisa. Lakini zikilowa hushika kwa kuchelewa, na mchanga uliochanganyika na maji hula ringi haraka.

Diski za waya ni chaguo bora kwa bajeti ndogo. Mtu mwenye spana na subira anaweza kuzirekebisha mwenyewe. TRP Spyre, inayobana diski kwa pande zote mbili, na Avid BB7 zimejipatia sifa njema.

Diski za mafuta zina nguvu zaidi na huhitaji vidole viwili tu. Ila kuzitoa hewa na kuzijaza mafuta kunahitaji vifaa na ujuzi.

Onyo: usinunue fremu ya kantileva kwa matumaini ya kuibadilisha iwe ya diski. Fremu na uma havina mahali pa kufungia diski, na kuongeza kwa kuchomelea ni hatari.

### 3. Nafasi ya tope

Funga tairi ya milimita 33, kisha angalia nafasi iliyobaki pembeni na juu yake, nyuma ya krenki na chini ya kichwa cha uma. Kidole kidogo kipite bila kubanwa kila upande. Baiskeli za barabarani zilizobadilishwa jina na kuuzwa kama za saiklokrosi hushindwa hapa.

### 4. Gia

Zamani kulikuwa na gia mbili mbele, mara nyingi meno 46 na 36. Siku hizi wengi hutumia gia moja mbele, na ina faida ya kweli: hakuna kibadilisha gia cha mbele cha kujaa matope, na cheni haitoki ovyo.

Kwa anayeanza, gia ya mbele ya meno 38 au 40 pamoja na za nyuma za 11 hadi 34 inatosha sana. Ukiwa na gia moja mbele, hakikisha meno yake yana unene unaopishana, mnene na mwembamba, na kibadilisha gia cha nyuma kina klachi. Vitu hivyo viwili huzuia cheni isiruke kwenye vizuizi.

Usikatae baiskeli nzuri kwa sababu ina gia mbili mbele. Zinafanya kazi, na kwa bei ya mtumba unaweza kuondoa moja baadaye.

### 5. Magurudumu na ekseli

Baiskeli za diski za mwanzoni zilitumia ekseli nyembamba yenye kipini cha kufungua haraka, nyuma ikiwa na upana wa milimita 135. Za baadaye zina ekseli nene inayochomekwa na kukazwa kwa skrubu, nyuma milimita 142 kwa 12. Mfumo huu wa pili ni imara zaidi, na magurudumu ya akiba yanapatikana kwa urahisi zaidi. Ukiwa na chaguo, uchukue huo.

Tafuta pia ringi zinazokubali tairi zisizo na tyubu. Nitaeleza sababu kwenye sehemu ya tairi.

## Jinsi ya kukagua baiskeli ya mtumba, hatua kwa hatua

Baiskeli ya saiklokrosi imeishi maisha magumu kuliko nyingine zote. Imezamishwa kwenye matope na kuoshwa kwa maji ya msukumo mkali. Kwa hiyo kagua bila haya. Muuzaji mwaminifu hataudhika.

1. Omba picha na namba ya fremu kabla ya kusafiri. Uingereza, angalia namba hiyo kwenye BikeRegister. Marekani, kwenye Bike Index. Muuzaji akikataa kutoa namba, acha.
2. Omba baiskeli iwe imeoshwa. Tope huficha nyufa.
3. Kagua fremu kwa taa. Angalia chini ya bomba la chini, maungio ya mbele karibu na usukani, kuzunguka krenki, na pale mabomba ya nyuma yanapokutana. Kwenye alumini, rangi iliyovimba au mstari mwembamba karibu na uchomeleaji ni dalili mbaya. Kwenye kaboni, ukiona ufa au mahali palipolainika, usinunue.
4. Legeza na uisogeze nguzo ya kiti. Nguzo za baiskeli zinazooshwa sana hukwama ndani ya fremu. Ikikataa kusogea, hutaweza kurekebisha kimo chako, na kuing'oa kunaweza kuharibu fremu.
5. Sikiliza beringi. Bana breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma: ikigonga, beringi za usukani zinacheza. Shika mkono wa krenki, sukuma pembeni: usicheze. Fanya hivyo kwa kila gurudumu.
6. Zungusha magurudumu. Ringi iende sawa bila kuyumba. Bana spoki mbilimbili kwa vidole. Zilizolegea zitakupa kazi. Kwa breki za ringi, pitisha kidole ubavuni; ukihisi bonde, ringi imekwisha.
7. Pima cheni kwa kipimo chake. Kwa gia 11 au 12 za nyuma, badilisha ikifika asilimia 0.5, kwa gia 10 au pungufu, asilimia 0.75. Meno ya gia yaliyochongoka na kulala upande mmoja yanamaanisha gharama zaidi.
8. Kagua breki. Mpini usifike kwenye usukani. Diski nyingi za Shimano zibadilishwe zikipungua hadi milimita 1.5. Angalia unyevu wa mafuta kwenye viungo vya bomba.
9. Tazama kibadilisha gia cha nyuma ukiwa umesimama nyuma. Kiwe kimenyooka sambamba na gia. Kikiwa kimeinama, kishikizo kimepinda.
10. Iendeshe. Pitia gia zote, panda mlima mdogo ukisimama juu ya pedali, kisha bana breki kwa nguvu.
11. Jumlisha gharama ya kila kilichochakaa, ndipo uanze kupatana bei. Orodha iliyoandikwa hupunguza bei kuliko maneno mengi.

> KISANDUKU: Vipuri vilivyorudishwa na watengenezaji
>
> Breki za mafuta za SRAM za 2013. Mwezi Desemba 2013 SRAM iliziita zirudishwe breki zake za kwanza za mafuta za aina ya RED 22 na S-700, baada ya baadhi kupoteza nguvu kwenye baridi kali, zikiwemo zilizokuwa kwenye mbio za saiklokrosi. Baiskeli ya kipindi hicho iwe na uthibitisho kwamba zilibadilishwa.
>
> Krenki za Shimano. Mwezi Septemba 2023 Shimano ilitangaza ukaguzi wa krenki za Ultegra na Dura-Ace za gia 11 zilizounganishwa kwa gundi, zilizotengenezwa kati ya Juni 2012 na Juni 2019. Namba zake ni FC-6800, FC-R8000, FC-9000, FC-R9100 na FC-R9100-P. Zinaweza kuachana katikati. Kabla ya kushindana, zipeleke kwa muuzaji wa Shimano zikaguliwe. Krenki za 105 hazimo kwenye orodha hiyo.

## Tairi na upepo: fedha inayorudi haraka zaidi

Kama ungeweza kubadilisha kitu kimoja tu kwenye baiskeli ya bei nafuu, badilisha tairi. Hakuna kipuri kingine kitakachokupa sekunde nyingi zaidi kwa kila mzunguko kwa gharama ndogo kama hiyo.

Kuna makundi matatu ya kashata:

- Laini katikati: kwa ardhi kavu na mchanga.
- Mchanganyiko: kwa hali nyingi. Challenge Grifo na Schwalbe X-One Allround ni mifano inayojulikana.
- Kashata ndefu zilizoachana: kwa matope. Challenge Limus ni mfano.

Ukiwa na fedha za jozi moja tu, nunua ya mchanganyiko. Ukipata nyongeza, weka ya matope mbele peke yake. Tairi ya mbele ndiyo inayokuangusha kwenye kona.

Sasa upepo. Wanaoanza wengi hujaza kupita kiasi. Upepo mwingi huifanya tairi irukeruke na kuteleza, na mdogo huiacha ishike ardhi. Tatizo ni kwamba kwenye tairi yenye tyubu, upepo ukiwa mdogo mno tyubu hubanwa kati ya ringi na jiwe, na unapata pancha. Tairi isiyo na tyubu, yenye dawa ya kuziba ndani, huondoa hatari hiyo.

Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 33, anza hapa:

- Bila tyubu: mbele bar 1.6 (psi 23), nyuma bar 1.7 (psi 25).
- Na tyubu: mbele bar 2.2 (psi 32), nyuma bar 2.3 (psi 33).

Mwenye uzito mkubwa aongeze kidogo, mwenye uzito mdogo apunguze. Ringi ikigonga ardhi mara kwa mara, ongeza bar 0.1. Nunua kipimo kidogo cha upepo kinachosoma vizuri chini ya bar 3, kwa sababu mshale wa pampu nyingi za mguu hauaminiki huko chini.

Onyo: usilazimishe tairi isiyo na tyubu kwenye ringi ya zamani isiyotengenezwa kwa mfumo huo. Tairi inaweza kutoka ghafla kwenye kona. Na epuka magurudumu ya mtumba ya tairi za kugundishwa kama hujui hali ya gundi yake.

## Makosa yanayojirudia

- Kununua kaboni ya zamani badala ya alumini nzuri. Kwa bei ile ile, alumini hukupa breki na gia bora zaidi, na ikigongwa huonyesha jeraha waziwazi kuliko kaboni.
- Kusahau kishikizo cha kibadilisha gia. Hiki ndicho huvunjika kwanza tope na nyasi zinapojaa. Kila fremu ina umbo lake, hivyo si rahisi kukipata siku ya mbio. Kinunue siku ile ile unaponunua baiskeli.
- Kutumia pedali za barabarani. Hujaa tope na kukataa kiatu. Nunua zile za baiskeli za milima zinazobana pande zote mbili.
- Kuelekeza maji ya msukumo kwenye beringi. Osha kwa maji mengi ya msukumo mdogo. Usilenge katikati ya magurudumu, krenki au usukani. Kausha, kisha tia cheni mafuta.
- Kuweka kiti kimo kile kile cha barabarani. Kishushe milimita chache. Utapanda na kushuka kwa urahisi zaidi.
- Kutafuta baiskeli ya pili mapema mno. Washindani wakubwa hubadilisha baiskeli katikati ya mbio kwenye kituo maalumu, moja ikioshwa nyingine ikiendeshwa. Kwa dakika 40 za ngazi ya chini moja inatosha. Siku utakapohitaji ya pili, ndipo ile ya kantileva ya bei ya chini itakapokufaa, mradi pedali na kipimo vifanane na vya kwanza.

## Kama baiskeli itarudi nawe nyumbani

Afrika Mashariki mashindano ya njia za vumbi yanakua, na Migration Gravel Race ya Kenya, iliyoanza 2021, imewavuta washindani kutoka nchi nyingi. Kama unapanga baiskeli yako iendelee kutumika kwenye barabara za murram, fikiria hilo tangu sasa:

1. Chagua fremu inayoingiza tairi za milimita 40. Milimita 33 ni nyembamba kwa mawe na mashimo ya safari ndefu.
2. Pendelea diski za waya. Waya wa breki unapatikana kwa urahisi kuliko mafuta na vifaa maalumu, na fundi makini atazielewa upesi.
3. Beba akiba ya kishikizo cha kibadilisha gia, pedi, cheni na dawa ya kuziba pancha.

## Orodha ya mwisho kabla ya kulipa

☐ Nimeipanda na kuibeba begani, inanitosha.
☐ Namba ya fremu nimeihakiki.
☐ Hakuna ufa; nguzo ya kiti inasogea.
☐ Beringi hazichezi, ringi hazijapinda.
☐ Cheni na gia nimezipima. Gharama zake nimezitoa kwenye bei.
☐ Breki zinashika. Krenki na breki hazimo kwenye orodha ya kurudishwa.
☐ Tairi ya milimita 33 inaingia na nafasi ya tope inabaki.
☐ Nimepata risiti au maandishi ya mauziano yenye jina na tarehe.
☐ Theluthi ya bajeti yangu bado iko mfukoni.

## Kalenda ya mnunuzi

- Februari hadi Machi: tafuta, kagua, nunua.
- Aprili hadi Juni: badilisha vilivyochakaa, rekebisha kiti na usukani kidogo kidogo mpaka mwili utulie.
- Julai hadi Agosti: jifunze kushuka, kubeba na kupanda kwenye uwanja wa nyasi. Mara mbili kwa wiki, dakika 20 tu, zitakupa faida kubwa kuliko magurudumu ya bei mbaya.
- Septemba: jiandikishe kwenye shindano la karibu. Fika mapema, zunguka njia mara mbili ukijaribu upepo tofauti kwenye tairi, uamue kipimo chako, kisha ujipange na wenzako.